Mahudhurio

Koplo Tusekile alikuja na mtungi mwekundu begani
na daftari la kusaini.
Jumamosi, saa tatu, uwanja wa serikali ya mtaa, Vingunguti,
upepo ukitokea upande wa machinjio.
Tulikwenda kwa sababu mjumbe alisema kutakuwa na soda.

"Nani hapa amewahi kuungua?"
Kimya.
Ndege ikapita, tumbo lake nusura likwangue mabati;
akasubiri, kama tunavyosubiri sisi
katikati ya sentensi, miaka yote.
Kisha akakunja mkono wa gwanda.
Kutoka kiwiko hadi kifundo, ngozi imekunjamana
kama utando wa maziwa yaliyopoa.
"Uji," akasema. "Nilikuwa na miaka minne."

Hapo ndipo khanga zilipoanza kulegezwa.
Siwatu, mguu: mafuta ya kukaangia mihogo.
Mashavu, shingo: kibatari, usiku wa mgao wa umeme.
Kondo fundi simu, vidole viwili: waya aliouunga mwenyewe
akaufunga kwa kipande cha rambo.
Bibi wa genge akainua ushungi kidogo, akaushusha.
Hatukumuuliza.
Daftari lilikuwa bado mstari wa pili
na mahudhurio yalikwisha kamilika.

Karai la mafuta likiwaka, alisema, usilimwagie maji.
Akafunga kopo kwenye ufito mrefu, akamimina tone,
moto ukasimama wima, kimo cha mlango,
watoto wakapiga makofi wakidhani ni mazingaombwe.
Akachukua blanketi bichi, lililokamuliwa,
akalifunika karai polepole, kutoka kwake kwenda mbele,
kama unavyomfunika mtoto
ambaye hutaki aamke.

"Na mtu akishaungua?"
"Maji. Ya bomba, yanayotiririka, dakika ishirini.
Si dawa ya meno. Si yai. Si unga wa ngano."
"Bomba lenyewe linatoka Jumanne!"
Tukacheka, na yeye akacheka.
"Basi ya ndoo, kwa kikombe, taratibu.
Ikiisha ya kwako, ya jirani."

Mimi kicheko kilinikauka.
Nilikuwa narudi nyuma, miaka saba,
birika limelala ubavu, chai inafuka kwenye mkeka,
Mwasiti wangu anapiga yowe moja refu lisilo na pumzi,
na mimi natoka mbio, pekupeku,
nairuka ndoo pale mlangoni,
nairuka, khanga inalowa pindo,
hadi dukani kwa Mangi: "Nikopeshe dawa ya meno."
Nikampaka kwa mapenzi yangu yote.
Nyeupe, hadi kwapani.

Leo yuko darasa la tano
na anavaa sweta mwezi wa Februari.
Nilimwona akisogea mbele, soda mkononi,
akamuuliza koplo jambo ambalo hajawahi kuniuliza:
"Bado inawasha?"
"Joto likizidi."
"Hata mimi."
Wakabaki wanaangalia mtungi, wote wawili,
kama watu waliotoka kijiji kimoja.

Nilikuwa nimeshapanga kichwani:
jiko litapanda juu ya matofali,
mpini wa kikaango utatazama ukuta,
mchanga kwenye dumu lililokatwa mdomo,
na 114 kwa mkaa, kubwa, karibu na swichi,
ili hata mwenye kupaparika aisome.

Kisha daftari likanifikia, limelowa soda ya mtu.
Jina. Simu. Sahihi.
Safu ya mwisho imeandikwa Maoni.
Wenzangu wameandika nzuri, asante, mje tena.
Mashavu kaandika soda zilikuwa za moto.
Kalamu ilikuwa inakwama, nikaipulizia,
nikaandika:
ndoo ilikuwa imejaa.